Kumkinga Mtoto na Maambukizi Anapofanyiwa Upasuaji wa Makengeza

Katika upasuaji wa makengeza, jicho lenyewe halipasuliwi. Daktari hufungua utando laini wa juu, huutenga msuli unaolivuta jicho, kisha huushona mahali papya kwenye ukuta mweupe wa jicho, na ndiyo maana maambukizi makubwa ni nadra. Hata hivyo, nyuma ya pale msuli unaposhikana na jicho, ukuta huo una unene wa takriban milimita 0.3 tu, nayo sindano inatakiwa ipite ndani ya unene huo bila kutokeza upande wa pili. Ikitokeza, hasa uzi ukiwa umebeba bakteria, vijidudu hupata njia ya kuingia ndani, na mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kuona katika muda mfupi.

Mara nyingi bakteria hao ni stafilokoka wanaoishi kwenye kope na ngozi ya mtoto mwenyewe, kwa hiyo kazi ya mzazi huanza nyumbani. Mfute mtoto wanja wote siku kadhaa kabla, na asubuhi ya upasuaji mwoshe uso kwa sabuni na maji safi, si maji yaliyochotwa ziwani. Akiwa na tongotongo nyingi, chunusi ya kope au homa, mweleze daktari bila kuficha, hata kama mmevuka ziwa kutoka Ukerewe na nauli imekwisha kutumika, kwa sababu kuahirisha ni afadhali kuliko kushona penye usaha.

Hospitalini, uliza kama jicho litawekewa matone ya povidoni iodini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 5 na kuachwa dakika chache kabla ya kuanza. Hii ndiyo kinga ninayoithamini kuliko zote. Kope nazo hufunikwa kwa plastiki ili uzi usiziguse.

Baada ya upasuaji, nawa mikono kabla ya kutia dawa, na ncha ya chupa isiguse jicho wala kope. Usitie maziwa ya mama, majimaji ya majani wala matone ya kujinunulia duka la dawa. Mtoto asiogelee ziwani mpaka daktari aruhusu.

Wekundu wa kawaida hupungua siku hadi siku. Angalia kwa makini zaidi siku ya 2 hadi ya 4: jicho likizidi kuwa jekundu, kope zikivimba hadi zisifunguke, usaha ukitoka, uoni ukififia, au mtoto akipata homa na kulala tu bila hamu ya kucheza, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mtoto mdogo huenda asiseme kwamba anaumwa. Kwa wanaoishi visiwani, ningeshauri mlale kwa ndugu jijini Mwanza katika siku hizo, ili dalili zikianza usiku msilazimike kusubiri kivuko. Chukueni cheti cha hospitali na chupa za dawa anazotumia, wala msingoje tarehe ya kliniki.