Kutoa platini na kufunga moduli ya elektroniki kwenye Land Rover Series III ya petroli

Platini (swichi ndogo ndani ya distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) za injini ya lita 2.25 zinafanya kazi vizuri zikiwa mpya. Shida yake ni kulika. Kisigino kinasuguana na kamu, mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40 unapungua, na taimingi (wakati wa kuruka kwa cheche) inachelewa kidogo kidogo mpaka gari linakuwa zito mlimani. Kwenye mfumo wa elektroniki hakuna kinachogusana: pete ya sumaku inazunguka chini ya rota (mkono unaopeleka umeme kwa kila plagi kwa zamu), moduli inaihisi na kukata umeme wa koili, inayozalisha umeme mkali wa plagi.

Kabla ya kununua, soma chapa ubavuni mwa distributa. Series III nyingi zina Lucas 45D4, nyingine Ducellier, na ukikuta 25D4 ujue ni ya zamani zaidi. Moduli ya moja haikai kwenye nyingine. Hakikisha pia hasi ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kwa sababu Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilifungwa chanya.

Kisha shika ncha ya shafti uisukume huku na huku. Ikicheza kwa kuonekana, bushi zimekwisha na zitengenezwe kwanza. Moduli mpya haiponyi shafti legevu. Sumaku itaikwangua moduli tu.

Chomoa waya za koili, upime omu kati ya vituo viwili vidogo. Inatakiwa iwe takriban 3. Ukipata 1.5, hiyo ni koili ya kutumia na rezista, na ukiifunga bila rezista kwenye silinda nne moduli itaungua. Rudisha waya, washa swichi platini zikiwa zimefungana, upime volti kwenye chanya ya koili. Zikipungua zaidi ya volti 1 kuliko za betri, swichi au waya zimechoka.

Sasa kazi yenyewe. Toa plagi, zungusha injini kwa hendeli mpaka rota ielekee waya wa silinda namba 1, kisha chomoa waya za betri. Piga alama kwenye bodi ya distributa na kwenye bloku. Toa rota, platini, kondensa na waya wao mwembamba. Skrubu ya platini ni ndogo sana: ikidondoka chini ya sahani, usizungushe injini hata kidogo kabla hujaitoa, maana itakwama kwenye vyuma vya adivansi, vinavyowahisha cheche injini ikienda kasi.

Hapo ndani kuna waya mfupi wa kusuka unaounganisha sahani inayozunguka na bodi ya distributa. Uangalie kwa makini. Ukikatika nyuzi, erthi inakuja na kupotea, gari linamisi, na lawama zote zinaangukia moduli.

Funga moduli, pitisha waya zake palepale zilipopita za zamani, na uziache na ulegevu. Vuta hewa kwa mdomo kwenye mpira wa vakyumu (bomba dogo linaloleta mvuto wa hewa wa injini kwenye distributa): sahani izunguke bila waya kukaza. Sukuma pete ya sumaku mpaka chini kabisa. Rota ikikaa juu kuliko mwanzo, pete haijafika, na rota itapasua kepu, yaani kifuniko cha distributa. Mwanya kati ya pete na moduli fuata karatasi ya kifaa chako.

Waya nyekundu iende chanya ya koili, nyeusi iende hasi. Ukizigeuza, moduli nyingi hazipati nafasi ya pili. Waya za plagi ziwe za kaboni. Za shaba tupu bila rezista zinavuruga moduli.

Taimingi lazima ipangwe upya, kwani moduli haikati umeme palepale platini zilipokata. Chomoa na kuziba mpira wa vakyumu, injini ikiunguruma taratibu, tumia taa ya taimingi kufuata namba ya kitabu kwa injini yako.

Usiache swichi imewashwa injini ikiwa imezimika: koili inachemka na moduli inakufa. Gari likiwaka pale tu unapoachia ufunguo, volti zinaanguka wakati wa kupiga stata. Kagua betri na nyaya zake nene kwanza. Platini zinavumilia betri dhaifu, moduli haivumilii. Kwa safari ya mbali beba seti ya platini, kondensa na skrubu yake ndani ya kopo lenye mfuniko.