Jinsi ya Kutengeneza Video ya Hamasa ya Timu ya Netiboli ya Shule

Timu ya netiboli ya shule ya sekondari inapojiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, walimu wa michezo wengi hupenda kuwa na video fupi ya kuwatia wachezaji ari na kuwavuta wanafunzi wenzao waje uwanjani kushangilia. Kazi hiyo inawezekana kwa simu moja yenye kamera nzuri, mradi anayerekodi anaujua mchezo wenyewe na amepanga sauti kabla ya picha. Wengi hufanya kinyume: hurekodi mechi nzima, kisha hupachika juu yake wimbo unaovuma mjini, na wanachopata ni video ambayo ingeweza kuwa ya shule yoyote.

Anza, basi, na sauti. Karibu kila shule ina wimbo wake wa kushangilia, wenye mmoja anayeanzisha na wengi wanaoitikia, makofi, vigelegele, na pengine ndoo ya plastiki iliyogeuzwa kuwa ngoma. Wakusanye washangiliaji siku isiyo ya mechi, mahali pa wazi pasipo na upepo, kwa sababu darasa tupu lenye kuta za saruji na paa la bati hurudisha mwangwi unaoyameza maneno. Simu iwe hatua tatu hivi kutoka kwa anayeanzisha wimbo, na mbali zaidi na ngoma, kwa kuwa kinasa sauti cha simu huzidiwa na kishindo kilicho karibu, na sauti iliyokwaruza namna hiyo haitengenezeki tena. Baada ya wimbo, rekodi sauti moja moja peke yake: mpira unaodunda, filimbi ya mwamuzi, raba zinazokwangua kiwanja, nahodha anayeita jina la mwenzake. Vipande hivi vidogo ndivyo vitakavyoibeba video pale wimbo utakaponyamaza. Zaidi ya hayo, wimbo wa shule hauna mgogoro wa hakimiliki, ilhali wimbo wa msanii unalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mitandao ya kijamii huweza kuizima sauti ya video inayoutumia bila ruhusa.

Kabla ya kugeuza kamera kwa wachezaji, mkuu wa shule aridhie na wazazi au walezi waombwe kibali cha maandishi, kwani wengi wa wachezaji hawa hawajafikisha miaka 18, na picha ya mtu inayoonyesha sura yake ni taarifa binafsi ambayo nchini Tanzania ina sheria yake, ya mwaka 2022. Mchezaji asiyetaka kuonekana asishurutishwe. Wachezaji wa netiboli huvaa sketi fupi, kwa hiyo kamera isiwekwe chini ikawatazama kuelekea juu; kimo cha kifua cha mchezaji ndicho kinachofaa, na kipande chochote kinachomvunjia binti heshima kifutwe palepale, hata kama mchezo uliomo ni mzuri kiasi gani.

Netiboli humsaidia mpiga picha kuliko michezo mingi, kwa sababu kanuni zake zinamwambia mapema tukio litatokea wapi. Mwenye mpira haruhusiwi kukimbia nao, na analazimika kuutoa ndani ya sekunde tatu. Anayeruhusiwa kufunga ni mwenye kizibao chenye herufi GS au GA tu, yaani wafungaji wawili wa timu, tena akiwa ndani ya nusu duara yenye upana wa mita 4.9 kutoka kwenye goli. Kwa hiyo usihangaike kuufuata mpira kila uendako, maana picha itayumba na utachelewa daima. Mchague mchezaji mmoja kwa kila robo ya mchezo, umrekodi anavyojitenga na mlinzi wake, anavyodaka na anavyoutoa mpira. Kwa kuwa nguzo ya goli haina ubao nyuma ya pete, unaweza kusimama nyuma ya goli, nje kabisa ya mstari, ukauona uso wa mfungaji na mpira ukija kuelekea kwako. Katika mpira wa kikapu ubao ungekuziba. Jihadhari tu usimzuie mwamuzi, ambaye hukimbia kando ya kiwanja na nyuma ya mstari wa goli. Rekodi pia benchi la akiba, kwani hisia nyingi za mechi huonekana pale.

Mechi za saa kumi na moja jioni zina mwanga bora kuliko za mchana, ambapo jua la utosini hutia kivuli machoni. Jua likiwa nyuma ya wachezaji, vumbi la kiwanja cha udongo huwaka kwa rangi ya dhahabu. Shikilia kidole kwenye kioo ili mwanga ufungwe usibadilikebadilike, ulaze simu kwa upana, na urekodi fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 moja moja zinazounda kila sekunde ya video, ili ukicheza kwa fremu 30 upate mwendo wa polepole usiokatika.

Programu ya kuhariri isikusumbue akili: CapCut, InShot au KineMaster zinatosha. Weka wimbo kwanza, usikilize, na utie alama kwenye kila kofi kwa mkono wako, kwa kuwa wimbo ulioimbwa na wanafunzi haushiki kasi moja na programu ikiachiwa ikate yenyewe hukosea. Makofi 120 kwa dakika ni kofi moja kila nusu sekunde, yaani fremu 15 katika video ya fremu 30. Kukata picha kwa kila kofi kunachosha macho, kwa hiyo kata kwa kila kofi la nne, na uharakishe karibu na mwisho tu. Linalopaswa kuangukia kwenye kofi ni tukio lenyewe, mikono inapoudaka mpira au mpira unapopita kwenye pete, na si lazima mkato uangukie hapo. Mwendo wa polepole utumike mara moja au mbili. Kabla ya goli la mwisho nyamazisha kila kitu kwa sekunde moja, uache pumzi au filimbi pekee, ndipo kishindo cha wimbo kirudi.

Video nzima isizidi sekunde 90. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili na si kama video ya kawaida, kwa sababu njia ya kawaida huipunguza ubora. Na kabla ya kuionyesha bwaloni, ijaribu kwenye spika zitakazotumika siku hiyo, ukihakikisha maneno ya wimbo yanasikika hadi viti vya nyuma.