Biskuti za boga na dagaa kwa mbwa msimu wa sikukuu

Krismasi na Mwaka Mpya ndipo mbwa hulishwa na kila mtu. Mgeni anamrushia mfupa wa kuku, mtoto anampa keki yenye zabibu kavu, na makoko ya pilau yanaishia kwenye bakuli lake. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, zabibu zinaweza kuua figo zake, na mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali. Kumfungia nyuma ya nyumba siku nzima si haki. Afadhali uweke kopo la biskuti zake karibu na mlango, kila mgeni apate kitu salama cha kumpa.

Mahitaji: boga lililopikwa na kupondwa gramu 200, unga wa atta gramu 300, dagaa wa kusaga gramu 40, yai 1 na mafuta ya alizeti kijiko 1 cha chakula. Usitie chumvi, sukari wala kungumanga.

Dagaa wawe wa Mwanza au Kigoma, waliokaushwa juani bila chumvi. Dagaa wa baharini wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waache. Wale wanaoanikwa chini hubeba mchanga: waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, mpaka ukipapasa chini ya bakuli vidole visikute punje. Wakaushe, wakaange bila mafuta kwa moto mdogo hadi wavunjike vidoleni, kisha watwange pamoja na vichwa vyao.

Boga lipike kwa mvuke. Likichemshwa linanywa maji, nawe utalazimika kuongeza unga hadi biskuti ziwe ngumu kama kokoto. Ukishaliponda, lirudishe jikoni dakika 5 ukikoroga. Likiwa tayari, mwiko ukiburuzwa chini ya sufuria huacha njia isiyojifunga upesi.

Kuhusu unga, wengi hukimbilia wa mahindi kwa sababu ya bei. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya huota ukungu wenye sumu iitwayo sumukuvu, na mbwa hudhurika nayo upesi sana, hasa ini. Moto wa kuoka hauiondoi. Unga ulionunuliwa kwa bei ya kutupa kwa kuwa umevunda usimpe.

Changanya vyote na ukande mpaka donge liwe gumu kuliko la chapati. Liache dakika 15, lisukume unene wa nusu sentimita, ukate kwa kizibo cha soda. Utapata zaidi ya vipande 150. Oka kwa nyuzi 160 za Selsiasi dakika 35 hadi 40, zima oveni na uziache humo saa nzima. Kwa mkaa, tandaza mchanga ndani ya sufuria nzito, weka sahani ya bati yenye biskuti, funika, kisha weka makaa machache chini na mengi juu. Ukigeuza mpangilio huo zitaungua chini na kubaki mbichi katikati.

Vunja moja ikishapoa kabisa. Iliyokauka hukatika kwa mlio. Ikipinda, bado ina maji, na kwa unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa itaota ukungu ndani ya siku chache. Irudishe motoni. Zilizokauka vizuri hukaa wiki 2 kwenye kopo lisilopitisha hewa. Ukiona doa la ukungu kwenye moja, tupa kopo zima.

Mbwa wa kilo 5 asizidishe 4 kwa siku, wa kilo 20 asizidishe 12, ukijumlisha zote anazopewa na wageni. Mara ya kwanza mpe moja tu, usubiri hadi kesho yake uone choo chake.

Joto la kaskazi likizidi, saga nyama ya embe gramu 200 na mtindi usio na sukari mililita 150, ugandishe kwenye trei ya barafu. Maganda na kokwa zipeleke jalalani mara moja, maana kokwa ikimezwa huziba utumbo. Mtindi ukimfanya aharishe, tumia maji matupu badala yake.