Kutembelea Istanbul kwa Siku Moja Ukiwa na Rafiki

Anzeni asubuhi mapema katika mtaa wa Sultanahmet, ambako Hagia Sophia, kanisa la kale lililokamilika mwaka 537 na ambalo sasa ni msikiti, inatazamana na Msikiti wa Buluu. Vaeni nguo za heshima, na mwanamke achukue mtandio. Tena epukeni saa za sala, hasa Ijumaa adhuhuri. Kasri la Topkapı hufungwa Jumanne na Soko Kuu Jumapili, kwa hiyo chagueni siku kwa makini, na kabla ya kuingia sokoni kubalianeni mahali pa kukutana mkipoteana. Alasiri, pandeni tramu hadi gati la Eminönü, kisha feri ya Üsküdar, mkilipa kwa kadi ya usafiri ya İstanbulkart: mtavuka mlango-bahari wa Bosphorus kutoka Ulaya hadi Asia, na kwangu hakuna kinachozidi kulitazama jua kutoka ng'ambo likizama nyuma ya minara.