Rejista ya wagonjwa wa kifafa: anzeni na daftari, kompyuta baadae

Wadau, kama kliniki yenu ina wagonjwa wa kifafa na kila mkiulizwa wako wangapi mnaanza kufukunyua mafaili, mnahitaji rejista, na sio orodha ya majina tu, rejista inakwambia nani yupo, anameza nini, na nani kapotea.

Kwanza kubalianeni nani anaingia. Anaingia aliyeshikwa mara mbili au zaidi bila sababu ya papo hapo (kama homa), zikipishana zaidi ya saa 24. Mtoto wa degedege la homa haingii. Kwenye ICD-10, yaani kodi za kimataifa za magonjwa, kifafa ni G40 na degedege la homa ni R56.0, msizichanganye.

Sasa kuuliza, hapa ndo kwenye kazi. Hapa Tanga ukimuuliza mama wa Makorora "mwanao ana kifafa?" atakwambia hana, tena atakununia. Muulize anaanguka ghafla? anakakamaa? anatoka povu? akizinduka anakumbuka? Na wapo wasioanguka kabisa, mtoto anakodoa macho tu sekunde kadhaa alafu anaendelea, huyo mwalimu wake ndo anamjua. Wengine watasema ni shetani na ameshapungwa, usibishane, andika na hilo, utajua alizunguka miaka mingapi kabla ya kufika kwenu. Akiwepo mwenye video ya tukio kwenye simu daktari aione.

Alafu usiulize "anaendeleaje", utajibiwa hajambo, ndo adabu yetu, hata kama jana kaangukia jiko. Uliza mwezi huu kaanguka mara ngapi, ya mwisho lini, na dawa gani kiasi gani, bora uione pakti mwenyewe.

Majina yalitutesa. Tulikuwa tunaandika jina na mtaa basi, baada ya miezi tukakuta mwanamke mmoja wa Ngamiani yumo mara tatu, mara kwa jina la baba, mara la mume, mara Mama Fulani. Mpeni kila mtu namba yake, aibebe kwenye kadi, na muandike jina lake, la baba, la babu na la utani. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) kama anayo. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa muulize wakati wa vita ya Kagera alikuwa na umri gani, vijana waulize mvua za El Niño. Simu nayo, andika ni ya nani, maana nyingi ni za jirani, na ukipiga usitaje kifafa.

Daftari likishakaa sawa hamieni Excel yenye pasiwedi, au REDCap (programu ya kutunza taarifa za utafiti) kama kuna mtu wa kompyuta wa kuisimamia. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwahiyo picha za daftari kwenye grupu la WhatsApp hapana jamani. Mkitaka kufanyia utafiti, ombeni kibali NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) kabla, sio baada.

Kila wiki mtu mmoja apitie waliopitisha tarehe ya dawa na awapigie, maana dawa ikikatwa ghafla kifafa kinaweza kupanda mfululizo mtu asizinduke. Ukiambiwa amefariki usifute jina, andika tarehe na uliza kwa upole ilikuwaje, moto au maji, na kama ni mvuvi alikuwa peke yake kwenye ngalawa au na mwenzie.