Mtoto wako anataka biashara? Mwanzishie njugu, na uanzie kwa kipimo

Dada yangu wa Mamboleo ako na kijana wa miaka tisa, na likizo ya Agosti huyo kijana alisumbua nyumba nzima anataka pesa ya mpira, na si ule mpira wa kupasuka siku ya kwanza, anataka wa ngozi. Nikamwambia dada usimpe, tumfungulie biashara. Na kwa vile mimi ndio huuza njugu karanga hapa Kisumu, kazi ya ualimu ikaniangukia. Sasa wamama wa chama kila mmoja ananiuliza tulifanyaje, nimeamua kuandika mara moja nisirudie rudie.

Mbona njugu? Haziozi haraka, hazitaki friji, na bei ya pakiti mtoto anaielewa. Barafu za maziwa stima ikipotea ni hasara. Mandazi ni mafuta moto kila asubuhi na mtoto hapo ni wa kukimbizwa tu.

Hatua ya 1: Mtaji

Mkopeshe. Usimpe bure. Andika kwenye daftari yeye mwenyewe akiona, pesa ngapi na inarudi kwa nani.

Hatua ya 2: Kununua

Nenda naye Kibuye, Jumapili ndio soko limejaa na unaweza kutembea ukilinganisha bei. Njugu hupimwa kwa gorogoro, lile kopo la kupimia la sokoni, anza na moja. Utakuta za Homa Bay, za Busia, na zingine zimevuka kutoka Uganda, mimi napenda zile ndogo nyekundu kuliko zile kubwa kwa sababu zinajaza kipimo vizuri, kubwa zinaacha mianya. Tafuna moja mbichi kabla ulipe. Ikiwa laini au ina harufu ya stoo, mwambie mama asante na uendelee kutembea. Na mwache mtoto aombe kupunguziwa mwenyewe, wamama wa Kibuye humpunguzia mtoto kuliko vile watakupunguzia wewe.

Hatua ya 3: Kuchambua

Hii ni kazi ya mtoto kabisa, mpe uteo akae nayo mahali kuna mwanga. Anatoa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, na yoyote iko na kuvu hata kidogo. Hapa msiwe na huruma. Njugu zikihifadhiwa na unyevu zinaota kuvu inayotengeneza sumu ya aflatoksini ambayo inaharibu ini, na usidanganywe ati moto utaimaliza, kuchoma hakuiondoi yote. Hizo mbovu pia usirushie kuku, kuku nao wanaumia. Tupa.

Hatua ya 4: Kukaanga

Moto ni wako mzazi, mtoto asimame mbali na jiko, sina mjadala hapo. Yeyusha chumvi kwenye maji kidogo, pitisha njugu humo, chuja, anika mpaka zikauke. Halafu sufuria nzito, makaa (gesi inachoma upande mmoja, najua kuna watu watabisha), moto mdogo, na mwiko usipumzike. Mafuta usiweke, yanalowesha karatasi. Epua kabla zifike rangi unayotaka maana zinaendelea kuiva zikiwa nje. Na zikiwa moto zitakuwa laini mdomoni uone kama hazijaiva, ngoja zipoe ndio zitakauka na kulia kwa meno. Kufunga ni baada ya kupoa kabisa, ukifunga zikiwa na joto mvuke unabaki ndani na kesho yake mteja anatafuna kitu kama maharagwe.

Hatua ya 5: Kipimo

Sasa hapa ndio tulikaa jioni nzima mpaka chakula kikachelewa. Kijana alikuwa anashika njugu na mkono anatia kwa pakiti, anashika anatia, na ukimuuliza zitatoka pakiti ngapi anasema nyingi. Nyingi si hesabu.

Fanya hivi. Tafuta kitu kimoja kidogo cha kupimia na kiwe ni hicho hicho siku zote. Kijiko hapana, kijiko kinabeba mlima. Mizani ndogo za jikoni za bei rahisi pia hapana, kwa uzito mdogo namba inaweza kuruka ruka na mtoto akachanganyikiwa. Mimi natumia ile glasi ndogo ya toti, ya kupimia pombe kali. Mama yangu alikasirika kuiona mkononi mwa mjukuu, lakini sijapata kitu kinapima sawa kuishinda, tafuta ya plastiki isiyovunjika. Mtoto anachota, anapitisha rula juu ili zilizozidi zianguke, anamwaga. Chota, rula, mwaga. Asigonge glasi kwa meza na asitikise, akigonga njugu zinajipanga chini na zingine zinaingia juu, yaani toti ya kwanza na ya ishirini hazitakuwa sawa. Na anayepima awe mtu mmoja mpaka mwisho, ndugu yake akitaka kusaidia apewe kazi ya kufunga.

Kabla mfunge pakiti hata moja, pimeni gorogoro yote kutoka beseni moja kwenda beseni lingine mkihesabu toti kwa sauti. Watu hawapendi kufanya hii, wanaona ni kupoteza wakati, wanafunga moja kwa moja. Lakini bila hiyo namba hujui pakiti moja imekugharimu ngapi, na bei utakuwa unaikisia tu.

Nipige mfano, bei za kwako zitakuwa tofauti. Tuseme njugu ni za bob 480, makaa 60, karatasi 55, chumvi 5. Jumla ni 600. Toti zimetoka 70. Ukiuza pakiti bob 10 unapata 700, faida 100. Gawanya 600 kwa 70, kila pakiti imekula karibu bob 8 na senti 60, kwa hivyo kila moja inaleta bob moja na kidogo. Mwandikie mtoto hii kubwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Sasa muonyeshe ubaya wa mlima. Akijaza glasi bila rula, toti zinaweza kushuka zikawa 58. Hiyo ni 580, hata mtaji haujarudi na mmechoka bure. Halafu mfano mwingine, hapa ndipo kijana wetu alinyamaza: pakiti 10 za kugawia mabinamu na marafiki ni bob 100, na faida yote ilikuwa 100. Amefanya kazi wiki nzima kulisha mabinamu. Sikumkataza kugawa, nilimwambia kila pakiti iliyoliwa iandikwe, hata aliyokula yeye. Akiiandika anafikiria mara mbili.

Ukiona bob moja kwa pakiti ni kidogo sana, kitu cha kwanza kubadilisha ni mahali unanunua, cha pili ni bei, uweke pakiti kubwa ya toti mbili na nusu kwa bob 30. Kupunguza kipimo kimya kimya hapana. Majirani wanajua, hawasemi tu.

Hatua ya 6: Kufunga

Bahasha ndogo za kaki na stepla mbili juu, pini ziwe nje zionekane zisije zikaingia kwa chakula. Magazeti ya zamani achana nayo, wino unahamia kwa njugu. Na usitafute vile vimifuko vyepesi vya plastiki vya zamani, Kenya ilipiga marufuku mifuko tangu 28 Agosti 2017.

Hatua ya 7: Pesa

Hakuna kibubu. Kibubu kinameza pesa na mtoto hajui ako na ngapi mpaka kivunjwe. Tumia chupa inayoonekana ndani, na kila jioni anahesabu, anaandika tangu mwanzo zimeuzwa ngapi, zimeliwa ngapi, zimebaki ngapi. Hizo tatu zikijumlishwa lazima zirudi 70. Zisiporudi tafuteni pamoja bila kelele, mara nyingi ni chenji.

Wateja wa simu watakuwepo tu. M-Pesa Go ya vijana inaanzia miaka 10 mpaka 17, kwa hivyo wa miaka tisa bado. Dada alifungua Pochi la Biashara kwa laini yake ili pesa ya njugu isichanganyike na ya unga, na jioni anamtolea mtoto cash inaingia kwa chupa. Usiseme nitakupa kesho. Mzazi akikopa kwa biashara ya mtoto aandikwe kwenye ukurasa wa madeni kama mteja yeyote, na kijana wetu alimwandika mamake bila kuogopa.

Hatua ya 8: Kuuza

Majirani, siku ya chama, nje ya kanisa mkiwa pamoja. Si Kondele kwa stage, si barabarani peke yake, na si usiku. Ukiona mtoto anakosa kusoma au kucheza kwa sababu ya njugu hapo umeshaingia kwa ajira ya watoto, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda dhidi ya hiyo hata kama mwajiri ni mamake. Shuleni uliza mwalimu kwanza, nyingi hazitaki.

Mfundishe mambo mawili ya kumwambia mteja: hizi ni njugu, kwa hivyo mtu ambaye mwili wake haupatani nazo asichukue, na watoto wadogo sana wasipewe nzima, zinasakama kooni.

Mtu wa kioski akitaka kuchukua nyingi ili auze, muuzie kwa bei ya jumla akilipa hapo hapo. Mali kauli, ya kuchukua sasa alipe akishauza, hapana. Supamaketi nayo itauliza alama ya KEBS, shirika la viwango, hiyo ni biashara ya mtu mzima, mwacheni mtoto auze pale kwenye ploti kwanza.