Breki za gari la umeme: namna ya kutambua tatizo na kuliripoti ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mmiliki wa gari la umeme anayeishi Soweto au Mwanjelwa jijini Mbeya, akalichaji usiku kucha hadi asilimia 100 na alfajiri akashika njia ya Mbalizi, huufikia mteremko wa Iwambi kabla betri haijapungua chochote. Gari lililozoea kupunguza mwendo mara tu anapoachia akselereta sasa linaserereka, naye hudhani breki zimefeli. Huenda hazijafeli, lakini huenda pia zina hitilafu ya kweli, na kazi ya kwanza ni kutenganisha mambo hayo mawili kabla ya kumpa fundi gari.

Gari la umeme lina breki za aina mbili zinazofanya kazi pamoja. Ya kwanza ni breki ya mota: unapoachia akselereta, au unapokanyaga breki taratibu, mota inageuka kuwa jenereta, inayapunguzia magurudumu kasi na kurudisha umeme kwenye betri. Ya pili ni breki ya kawaida ya pedi na diski, inayosukumwa na mafuta ya breki. Betri iliyojaa haina mahali pa kupokea umeme, na betri iliyopoa sana haiupokei kwa kasi, hivyo kompyuta ya gari hupunguza au kuzima breki ya mota. Kwa hesabu ya fizikia, gari la kilo 1,600 likishuka mita 100 za kimo hutoa nishati ya takriban kilowati-saa 0.4, na nishati hiyo isipoingia kwenye betri lazima iwe joto kwenye diski. Kwa hiyo tazama kwanza asilimia ya betri na alama ya umeme unaorudi kwenye dashibodi. Ikiwa betri imejaa na pedali bado ni imara na inashika vizuri, gari ni zima. Siku nyingine ishia kuchaji kwenye asilimia 80 hivi ikiwa safari yako inaanzia kwenye mteremko, hasa Juni hadi Agosti, baridi inapokuwa kali.

Malalamiko ya aina ya pili ni mazito zaidi: dereva anakanyaga breki, gurudumu linapita juu ya rasta, shimo au mikunjo ya barabara ya vumbi, na kwa nukta moja gari linaonekana kama limeruka mbele. Gurudumu linapopoteza mshiko, mfumo wa kuzuia magurudumu kufunga (ABS) huiondoa breki ya mota na kukabidhi kazi kwa pedi, na makabidhiano hayo yakichelewa kidogo tu, mguu unahisi pengo. Wamiliki wa Toyota Prius, ambayo ni haiburidi (hutumia petroli na umeme) lakini ina mpangilio huohuo wa breki mbili, walilalamikia jambo hili, na Februari 2010 Toyota ilitangaza kuyaita tena magari zaidi ya 400,000 duniani ili kurekebisha programu ya breki. Kwa maoni yangu huu ndio mfano unaopaswa kukumbukwa na kila fundi anayemwambia mteja kwamba hajui kuendesha. Pengo hilo likikutokea, usiachie pedali wala usiipige-pige. Endelea kuikanyaga kwa nguvu. Ukitaka kulihakiki, tafuta barabara ya vumbi iliyo tambarare na isiyo na watu, nenda mwendo wa kilomita 20 kwa saa, na urudie mahali palepale betri ikiwa imejaa na ikiwa nusu.

Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, shaka inaelekea kwenye kifaa cha umeme kinachosaidia mguu. Mwaka 2016 Nissan iliita tena Leaf zaidi ya 46,000 za mwaka 2013 hadi 2015 huko Marekani kwa sababu rilei (swichi ya umeme) ya kifaa hicho ingeweza kuganda kwenye baridi kali mno. Baridi inayozungumziwa pale ni ya nchi za theluji, kwa hiyo mkazi wa Njombe au Makete asiharakishe kuihusisha na pedali yake. Ikikutokea barabarani, kanyaga kwa nguvu zako zote, kwa miguu miwili ikibidi, kwa kuwa njia ya mafuta ya breki bado ipo. Usizime gari likiwa kwenye mwendo, kwani usukani nao utakuwa mgumu.

Pedali laini inayozama ni habari nyingine kabisa. Mafuta ya breki hufyonza unyevu taratibu, na yenye maji huchemka diski zinapopata moto kwenye mteremko mrefu kama Kitonga. Magari mengi yanataka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, lakini wamiliki husahau kwa kuwa pedi zenyewe haziishi haraka. Kutokuishi huko kuna gharama yake: diski isiyotumika hushika kutu wakati wa masika, na pini za kalipa, kifaa kinachobana pedi, hukwama. Volkswagen iliweka breki za ngoma nyuma kwenye ID.3 na ID.4, na kutu ni mojawapo ya sababu. Mwambie fundi avue gurudumu na akague uso wa ndani wa diski, ule usioonekana ukichungulia kwa nje. Asiguse nyaya nene za rangi ya chungwa, zenye umeme mkubwa, na asitoe hewa kwenye mfumo wa mafuta ya breki kabla hajajua kama gari lako linahitaji mashine ya uchunguzi kwa kazi hiyo.

Andika taarifa siku hiyohiyo, kwa namna hii: “Iwambi, saa 1:10 asubuhi, betri asilimia 97, nyuzi joto 9, lami kavu, kilomita 50 kwa saa. Nimeachia akselereta, mwendo haukupungua. Pedali imeshika kawaida. Hakuna taa ya onyo.” Taarifa ya namna hiyo inamsaidia fundi kuliko kusema “breki zinasumbua”. Ikiwa maandishi ya dashibodi ni ya Kijapani, yapige picha kabla hujazima gari. Chukua pia namba ya chesisi. Leaf iliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi inayoanza na ZE0, AZE0 au ZE1, ambayo tovuti za Marekani hazitaitambua, kwa hiyo itafute kwenye ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji. Nakala mpe aliyekuuzia, na akikupuuza, ipeleke Tume ya Ushindani, yenye jukumu la kumlinda mlaji. Huko Marekani, malalamiko 354 ya wamiliki wa Tesla kuhusu magari kujifungia breki bila sababu yalitosha kwa mamlaka ya usalama barabarani kufungua uchunguzi Februari 2022, uliohusu magari takriban 416,000.

Hadi hitilafu ipatikane, usilishushe gari hilo Kitonga. Likibidi kupelekwa gereji ya mbali, lipakizwe juu ya lori badala ya kuvutwa kwa kamba, kwa sababu magurudumu yanayoendeshwa na mota yakizunguka chini, mota itazalisha umeme na inaweza kuharibika.